Kumpanda Farasi Usiyemjua

Leo tutazungumza juu ya ujasiri wa mpanda farasi.

Mwaka 2021, katika Michezo ya Olimpiki huko Tokyo, Japani, palikuwa na shindano la wanawake lenye sehemu tano, mojawapo kupanda farasi. Farasi waligawanywa kwa kura. Kila mpandaji alipewa dakika 20 tu za kuzoeana na farasi wake. Annika Schleu wa Ujerumani alikuwa akiongoza. Akapata farasi aitwaye Saint Boy, ambaye siku hiyo alikwisha kumkatalia mpandaji mwingine. Farasi alipokaidi, Annika alilia, akamchapa fimbo. Farasi akazidi kukataa. Annika akaangukia nafasi ya 31.

Twajifunza nini? Hofu ya mpandaji humwingia farasi. Ukijikaza na kuvuta hatamu kwa nguvu, naye hushtuka.

Basi, ukiletewa farasi usiyemjua, usifanye haraka. Mwendee kwa upande wa bega, si kwa nyuma, maana nyuma yake haoni. Sema naye kwa upole. Tazama masikio: akiyalaza nyuma, amekasirika. Mtembeze kwanza ukiwa chini. Ukisha kumpanda, kaa wima, pumua taratibu, uanze kwa mwendo wa polepole. Mkishindwa kuelewana, shuka. Kushuka si woga. Ni kujua kipimo chako na chake.

Swali la darasani: Je, fimbo ilimsaidia Annika? Elezeni kwa nini.