Hasara ya foreksi haiishii kwenye simu

Soko la fedha za kigeni, maarufu kama foreksi, huwa wazi saa 24 kwa siku tano za wiki. Pilikapilika zake hupamba moto London na New York zikiwa kazini kwa pamoja. Kwa Afrika Mashariki hiyo ni kuanzia alasiri hadi saa moja au mbili usiku, muda ule ule watoto wanarudi shuleni, madaftari yanafunguliwa na chakula kinapikwa.

Ndiyo maana mzazi anayefanya biashara hiyo kwa simu anaweza kuwa nyumbani na asiwepo. Siku ya faida ananunulia watoto chipsi kuku. Siku ya hasara, swali dogo la hesabu hujibiwa kwa ukali. Mtoto hajui kwamba dola imeshuka. Anaona tu baba au mama amekasirika, na anajiuliza amekosa nini.

Hasira hiyo ina chanzo. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kwamba uchungu wa kupoteza humwingia mtu kuliko furaha ya kupata kiasi hicho hicho. Aliyepoteza Sh50,000 asubuhi hatulii. Anataka zirudi kabla ya usiku, hivyo anaongeza dau, tena kwa mtaji wa kukopeshwa na dalali, na shimo linazidi kuchimbika.

Hatari kubwa zaidi ni kuficha. Nick Leeson, aliyefanyia kazi benki ya Barings huko Singapore, alificha hasara katika akaunti namba 88888 huku akiongeza dau ili azirudishe fedha. Februari 1995 benki hiyo ya tangu 1762 ilianguka, ikiwa imepoteza zaidi ya pauni milioni 800. Nyumbani, siri ya namna hiyo huanza na ada ya shule iliyochukuliwa “kwa siku mbili tu”, au mkopo wa simu ambao mwenza haujui.

Fedha za soko zikae mbali na ada, kodi ya nyumba na chakula. Mume na mke wakubaliane mapema kiwango cha hasara kwa mwezi. Kikifika, biashara inasimama. Simu isikae mezani wakati wa kula. Na anayeambiwa habari ya hasara asianze na lawama. Aulize kwanza ni kiasi gani, na nani anadai, maana aliyefokewa leo kesho ataficha.

Akikosa usingizi kwa wiki nzima, akikopa kisirisiri au akisema heri afe, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali au kwa mshauri nasaha haraka.

Mtoto naye anastahili sentensi moja ya kweli: “Nimekasirishwa na kazi, si wewe.”