Mkanda wa taimingi: Zungusha kwa mkono kabla ya kuwasha

GARI la familia hapa Songea halipumziki. Asubuhi linapeleka watoto shule, Jumamosi linabeba mahindi kutoka shambani, na siku nyingine linapanda milima ya Lukumburu kuelekea Njombe. Ndiyo maana fundi akitaja mkanda wa taimingi, baba na mama wote wanapaswa kusikiliza.

Mkanda huo wa mpira wenye meno huunganisha krenkishafti, inayozungushwa na pistoni, na kamishafti, inayofungua valvu. Krenkishafti ikizunguka mara mbili, kamishafti huzunguka mara moja. Mpangilio ukikosewa kwa jino moja tu, gari hukosa nguvu na kula mafuta. Ukikosewa zaidi, au mkanda ukikatika, kwenye injini nyingi za dizeli pistoni hugonga valvu na kuzipinda. Hapo fedha ya ada ya watoto huishia gereji.

Si kila gari lina mkanda huo. Injini ya 1NZ-FE ya Toyota IST hutumia cheni. Ya 1HZ, iliyo kwenye Land Cruiser nyingi, hutumia mkanda, na kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kama umenunua gari lililotumika na halina kumbukumbu za matengenezo, usitegemee kilomita za kwenye dashibodi. Fundi afungue kava auangalie mkanda wenyewe.

Wakati wa kubadilisha, fundi hutoa waya wa betri, kisha huzungusha injini kwa spana hadi alama za krenkishafti na kamishafti zilingane na alama zilizo kwenye injini. Kwenye baadhi ya injini za dizeli ipo alama ya tatu, ya pampu ya dizeli. Ndipo mkanda wa zamani hutolewa, mpya huvalishwa na kukazwa. Beringi ya kukazia nayo ikaguliwe.

Sasa subirini, ufunguo usiguswe. Fundi azungushe krenkishafti kwa spana mizunguko miwili kamili, kisha alama zitazamwe upya. Zikilingana, washeni. Zikipishana, au spana ikigota, asilazimishe. Avue mkanda aanze upya.

Mwenye gari ana haki ya kusimama pale na kuonyeshwa alama hizo. Ni kazi ya dakika chache, na fundi mzuri hachukii kuulizwa.