'Kuzidi' si 'kuzidisha'

Mwanafunzi akishindwa na hesabu za mafumbo, husemwa ati hajui aljebra. Mara nyingi kilichomshinda ni sentensi.

Chukua wauzaji wawili wa ndizi katika soko la Daraja Mbili, Kisii. Moraa na Kerubo wana mikungu 40 kwa jumla. Mikungu ya Kerubo inazidi ya Moraa kwa 4. Kila mmoja ana mingapi?

Tuseme Moraa ana x. Hapa ndipo kuna mtego: 'zidi' na 'zidisha' ni wa mzizi mmoja, lakini 'inazidi kwa' ni kujumlisha. Kerubo ana x + 4. Basi x + x + 4 = 40, yaani 2x = 36. Moraa ana 18, Kerubo 22.

Mwenye kuzidisha ataandika x + 4x = 40, na Moraa atabaki na 8! Hilo lingekuwa jibu sahihi kama swali lingesema 'ni mara 4 ya'.

Kwa hivyo, mwalimu wa Kisii au Nyamira asikimbilie x. Kwanza mwanafunzi aeleze swali kwa maneno yake, hata kwa Ekegusii, ndipo aandike mlinganyo.