Mnyororo wa trela: Kinga ndogo inayookoa viungo na maisha

Na DAKTARI WETU

TRELA inapochomoka kutoka kwa gari linaloivuta, haina dereva, haina honi na mara nyingi haina breki. Huenda popote mteremko unapoielekeza, na aghalabu huishia pembeni mwa barabara, mahali ambapo watu wanatembea, mama mboga amepanga sukumawiki zake na watoto wanarejea kutoka shuleni.

Huenda ukajiuliza, ndugu msomaji, kwa nini ukurasa wa afya uzungumzie minyororo ya magari badala ya malaria au shinikizo la damu. Jibu ni rahisi. Ajali za barabarani ni maradhi kama maradhi mengine: zina chanzo chake, zina watu zinaowaandama zaidi, na zina kinga. Katika kila mwaka kati ya 2021 na 2024, watu zaidi ya 4,000 walifariki katika barabara za Kenya, na kundi kubwa zaidi miongoni mwao lilikuwa la watembeao kwa miguu.

Ni kweli kuwa ajali za trela kuchomoka ni sehemu ndogo tu ya maafa hayo. Hata hivyo, ni miongoni mwa ajali ambazo kinga yake ni rahisi mno. Kinachotakikana ni minyororo miwili mizuri, iliyofungwa jinsi ipasavyo. Tatizo ni kwamba wengi hawaifungi kabisa, na baadhi ya wanaoifunga huifunga kwa namna ambayo haiwezi kumsaidia mtu.

Trela zimejaa kwetu. Mijini huvutwa na pikapu zikiwa zimebeba hema na viti vya harusi na matanga, jenereta, matangi ya maji na vyombo vya muziki. Naivasha na Pwani hubeba boti. Na katika maeneo ya miwa kama vile Muhoroni, Chemelil na Mumias, matrekta huvuta trela zilizosheheni kuelekea viwandani, mchana na usiku.

Mnyororo huu ni upi?

Tusichanganye mambo. Hatuzungumzii mnyororo au kamba ya kuvutia gari lililoharibika. Mnyororo wa usalama hauvuti chochote safari inapokuwa njema. Kazi yake ni kungoja tu, ili kiungo kinachoshikanisha gari na trela kikiachia, trela ibaki nyuma ya gari badala ya kukimbilia watu.

Nyuma ya gari dogo huwa pana tufe la chuma. Mkono wa trela nao una kikombe kinacholifunika tufe hilo na kulibana. Kwa upande wa trekta, mkono wa trela hushikwa na pini nene inayopita katika matundu, nayo hufungwa kwa kipini kidogo ili isiruke.

Viungo hivi huachia kwa sababu nyingi. Kikombe huenda kisikae sawasawa juu ya tufe. Nati hulegea kwa mitikisiko ya mashimo na matuta. Chuma huliwa na kutu. Kwenye trekta, pini iliyopotea hubadilishwa kwa bolti ya kuokota au kipande cha nondo, na kile kipini kidogo hakiwekwi tena.

Sababu nyingine ni vipimo. Tufe la kawaida la Ulaya lina upana wa milimita 50, lakini yapo ya Marekani yenye inchi 1 na 7/8, yaani takriban milimita 48. Kikombe cha milimita 50 kikiwekwa juu ya tufe la milimita 48, kitaonekana kimefunga barabara pale uani. Mbele ya safari, tuta moja kubwa linaweza kukirusha juu. Kipimo huwa kimechapishwa juu ya tufe na juu ya kikombe. Visome vyote viwili.

Uzito na mwendo

Wapo madereva wasemao kwamba trela yao ni ndogo na hawaendi mbali. Hebu tupige hesabu. Trela yenye uzani wa kilo 1,000 ikichomoka gari likiwa katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa, nguvu iliyo nayo ni sawa na ya trela hiyohiyo iliyoangushwa kutoka urefu wa mita 14, yaani karibu ghorofa nne. Mwendo ukiwa kilomita 80 kwa saa, urefu huo huwa mita 25.

Mwili wa binadamu haukuumbwa kuhimili kishindo kama hicho. Mfupa wa paja ukivunjika, mtu anaweza kupoteza lita moja ya damu au zaidi ndani ya paja lenyewe, bila tone kuonekana nje. Nyonga ikivunjika, damu inayopotea huwa nyingi zaidi. Mtu mzima ana takriban lita tano tu mwilini. Ndiyo maana majeruhi anayeongea vizuri pale barabarani huenda akazirai kabla ya kufikishwa hospitalini.

Namna ya kuifunga

Kwanza, minyororo iwe miwili, na kila mmoja uwe na nguvu ya kuhimili uzani wote wa trela pamoja na mzigo wake. Mnyororo mwembamba wa kufungia mbwa au lango haufai. Kamba ya manila na waya pia havifai. Nunua mnyororo ambao muuzaji anaweza kukuonyesha uzani uliopimiwa.

Pili, ipishanishe chini ya mkono wa trela. Mnyororo wa kushoto wa trela ushikwe upande wa kulia wa gari, na wa kulia ushikwe upande wa kushoto. Ikipishana hivyo hufanya kitu kama machela. Kiungo kikiachia, mkono wa trela huangukia juu ya machela hiyo badala ya kuchimba lami na kuipindua trela.

Tatu, ishike kwenye chuma imara kilichofungwa kwenye chesisi ya gari. Usiizungushe kwenye shingo ya tufe, wala usiifunge kwenye bamba. Hili ndilo kosa kubwa. Tufe likikatika, mnyororo uliozungushwa kwake utaondoka pamoja nalo, na utakuwa umejisumbua bure. Mnyororo ni lazima uwe huru kabisa na kile kitu ambacho unaogopa kitakatika.

Nne, pima urefu. Mnyororo uwe na ulegevu wa kutosha gari likate kona kali bila kuuvuta, lakini usiburute chini. Unaoburuta hulika upesi, na cheche zake zaweza kuwasha nyasi kavu. Ukiwa mrefu mno, usiupige fundo wala kuusokota, kwani hivyo huupunguzia nguvu. Mwambie fundi aukate ufike kipimo.

Tano, kulabu iingizwe kutoka chini kwenda juu, na iwe na kilimi cha kuifunga mdomo. Kulabu iliyo wazi, iliyotundikwa kutoka juu, hurushwa nje na matuta.

Ukitengenezewa trela na mafundi wa jua kali, uliza mnyororo umeshikwaje upande wa trela. Kuchomelea pete za mnyororo moja kwa moja kwenye chuma huweza kuzidhoofisha kwa joto. Ni afadhali mnyororo ufungwe kwa bolti madhubuti au kwa pingu ya chuma yenye parafujo.

Na mzigo je? Karibu asilimia 10 ya uzani wote wa trela inafaa kulalia kiungo. Mzigo ukirundikwa nyuma, trela huyumba kama mkia wa samaki, na kuyumba huko hukipa kiungo taabu kubwa. Kumbuka pia kwamba asilimia 10 ya kilo 800 ni kilo 80, uzani wa mtu mzima. Usiinue mkono wa trela peke yako kwa kuinama, kwani mgongo utakulipiza. Tumia jeki, au iteni watu wawili mkunje magoti.

Inapochomoka

Ukisikia kishindo nyuma na gari likaanza kuvutwa huku na huku, usikanyage breki kwa ghafla. Trela iliyoshikwa na minyororo itakugonga kwa nyuma. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawasawa, punguza mwendo pole pole kisha utoke barabarani. Washa taa za tahadhari, weka vibao vyako vya pembetatu na utie mawe kwenye magurudumu ya trela kabla ya kuigusa. Mnyororo uliovutwa kwa nguvu hivyo mara moja usitumiwe tena. Ununue mwingine.

Ukimkuta majeruhi

Piga simu 999 au 112. Msalaba Mwekundu wa Kenya nao hupatikana kwa 1199. Huku mkingoja, hakikisheni kwanza kuwa magari mengine hayatawagonga.

Damu ikitiririka, bonyeza jeraha kwa nguvu ukitumia kitambaa safi, wala usifunuefunue kutazama. Ikiwa damu ya mkono au mguu haikomi hata kwa kubonyeza, funga kitambaa kipana juu ya jeraha, upande ulio karibu na kiwiliwili, ukikaze kwa kijiti hadi damu ikome. Andika saa uliyofunga na usikilegeze. Daktari ndiye atakayekifungua. Chuma kilichozama mwilini kisichomolewe.

Desturi yetu ya kumshika majeruhi mikono na miguu na kumtupa nyuma ya pikapu imewaacha wengine wakiwa wamepooza. Mfupa wa shingo ukiwa umevunjika, kumpinda kidogo tu kwaweza kukata uti wa mgongo. Kama hakuna moto wala hatari nyingine, mwacheni alale alivyo, mmoja amshike kichwa kisitikisike, na mtazame kama anapumua. Ikibidi kumhamisha, alazwe juu ya ubao au mlango, watu kadhaa wamwinue kwa pamoja. Msimpe chai wala maji, kwa kuwa huenda akahitaji upasuaji.

Aliyebanwa chini ya trela aondolewe mapema iwezekanavyo, mradi trela imezuiwa isije ikamrudia. Waelezeni wahudumu wa afya alibanwa kwa muda gani. Misuli iliyobanwa kwa muda mrefu hutoa sumu ambazo zinaweza kudhuru moyo na figo baada ya mtu kuokolewa, na daktari anapojua mapema hujiandaa.

Kuna pia wale wanaokatwa vidole wanapounganisha trela, mkono ukiwa kati ya kikombe na tufe huku dereva akirudi nyuma. Kidole kilichokatika kifungwe katika kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, kisha mfuko huo uwekwe juu ya barafu. Kidole chenyewe kisiguse barafu. Fika hospitalini haraka, na usisahau kuuliza kuhusu sindano ya pepopunda.

Anayeumia si aliyepuuza

Maradhi mengi humpata yule aliyejitia hatarini. Mvutaji sigara huugua mapafu yake mwenyewe. Lakini trela ikichomoka, dereva aghalabu hushuka garini akiwa mzima, na anayelazwa wodini miezi mitatu akiwa na vyuma mguuni ni mpita njia ambaye hakuwahi kuiona trela hiyo kabla ya siku ile. Yeye hakuulizwa kama mnyororo ufungwe au uachwe. Anapolala kitandani, kibanda chake kimefungwa, karo ya watoto haijalipwa na jamaa wanauza mbuzi walipe bili.

Kwa hivyo wito huu hauwahusu madereva peke yao. Ikiwa wewe ni mwanachama wa kamati ya harusi au ya matanga, na mmekodi trela ya hema na viti, una haki ya kuzunguka nyuma ya gari kabla halijaondoka. Inama utazame. Je, minyororo ni miwili? Imepishana? Imeshikwa kwenye chesisi au imezungushwa kwenye tufe? Kulabu zina vilimi? Kwenye trekta, pini ni ya kweli na kipini chake kipo? Taa za nyuma za trela zinawaka?

Ukaguzi huo huchukua dakika mbili. Jibu likiwa la, safari ingoje hadi mnyororo mzuri upatikane, hata kama wageni wamekwisha kuketi chini ya mti.