Maembe ya mwenye nyumba, majani ya mpangaji

Maembe yanapoanza kuiva Dar es Salaam, kuanzia Novemba hivi, kuna ugomvi unaoiva nayo. Mwenye nyumba aliyehamia Kibaha, ambaye hajakanyaga nyumba yake ya Sinza tangu achukue kodi ya miezi sita, anatokea Jumamosi asubuhi na kijana mwenye upembo na viroba vitupu. Dodo zinaanguliwa, zinapakiwa kwenye bajaji, mzee anaaga. Wapangaji wanabaki na majani, vijiti na maembe mabovu yanayoita nzi mlangoni. Masika yakija, tawi likatua juu ya bati, simu ya mzee inaita bila kupokelewa. Ikipokelewa, jibu ni moja: “Si ninyi mnaokaa hapo?”

Kanuni ya haki hapa ni nyepesi: anayedai matunda adaiwe na matawi. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeiandika. Chukua mikataba ya upangaji inayozunguka mjini. Utakuta habari za kodi, luku, bili ya maji, pesa ya taka, mlinzi, hata kama mpangaji anaruhusiwa kufuga kuku. Mti haumo, ingawa baada ya nyumba yenyewe ndio kitu kikubwa kuliko vyote katika kiwanja.

Sheria, kwa bahati nzuri, haikuusahau. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 inaorodhesha, katika kifungu cha 89, masharti ambayo mpangaji anahesabiwa kuyakubali hata kama mkataba wake haukuyataja. Mojawapo ni kuitumia ardhi kwa namna endelevu na kutokata, kutojeruhi wala kutoharibu mti ulio hai, isipokuwa pale ambapo shughuli iliyomfanya apange haiwezekani bila kufanya hivyo. Wakenya wana sharti lililo karibu sawa na hilo katika kifungu cha 66 cha Sheria yao ya Ardhi ya mwaka 2012. Kwa hiyo mpangaji anayeamka siku moja na kuuangusha mwarobaini kwa sababu umemchosha kufagia, amevunja mkataba, hata kama mkataba wake ni karatasi moja iliyonunuliwa steshenari.

Kwa upande wa pili, kifungu cha 88 kinamfunga mwenye nyumba. Anapopangisha sehemu tu ya jengo, paa, kuta kuu, mifereji mikuu na njia za pamoja ni juu yake. Nyumba ya kuishi lazima iwe inafaa kukaliwa na binadamu. Mti mkubwa haukutajwa hapo kwa jina, lakini mizizi inayopasua chemba ya maji taka na tawi linalokwaruza bati usiku kucha haviwezi kutenganishwa na mambo hayo.

Hapa inafaa kutofautisha wapangaji wa aina mbili. Aliyepanga chumba katika nyumba ya vyumba sita hakupanga uwanja. Uwanja ni wa wote na msimamizi wake ni mwenye nyumba. Huyu hawezi kuambiwa alipie fundi wa kupogoa mwembe ambao hata kivuli chake anagawana na kaya nyingine tano. Aliyepanga nyumba nzima pamoja na uzio na geti amekabidhiwa uwanja wote, na kazi za kila siku za uwanja huo ni zake: kufagia, kumwagilia miche wakati wa kiangazi, kuzoa majani kabla hayajaziba gata. Ila hata yeye kazi yake inakomea pale mkono na fagio vinapofika. Ngazi, kamba na msumeno ni vya mwenye mali.

Kuna mambo, hata hivyo, ambayo mpangaji yeyote anaweza kuyafanya yakaumaliza mti polepole, na mengi hufanywa bila nia mbaya. Zunguka nyuma ya nyumba nyingi za kupanga uangalie shina la mwembe kwa karibu. Upande mmoja utakuta gome jeusi, limebanduka hadi mti wa ndani unaonekana, kwa sababu taka zinachomewa pale kila jioni. Juu kidogo kuna waya wa kuanikia nguo uliofungwa miaka mingi iliyopita. Shina limenenepa, waya umezama ndani ya gome, na umebakia mfano wa mshono. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kupitia gome. Likiungua au likikabwa kuzunguka shina lote, mizizi inakufa njaa huku majani yakiwa bado mabichi. Mwenye nyumba akija baada ya mwaka na kuuliza nani ameua mti wake, wapangaji watamwambia ni mchwa.

Mwenye nyumba naye ana dhambi zake, na kubwa ni ile ya kukata kichwa. Anaona mti umerefuka, anaita vijana wenye mapanga, wanaufyeka wote hadi kubaki nguzo yenye vigutu. Baada ya mvua mti huo utachipua kwa fujo, na watu watasema umependeza. Lakini machipukizi hayo yameshika kwenye ngozi ya nje tu ya kigutu kinachooza ndani. Yakishakuwa matawi mazito ndiyo ya kwanza kung’oka kwenye upepo. Fundi anayeijua kazi hukata tawi moja moja. Huanza na mkato mdogo chini ya tawi ili lisichane gome linapoanguka, halafu hulikata juu, mbele kidogo ya pale, na mwisho huondoa kisiki karibu na shina bila kugusa ule uvimbe ambapo tawi limeotea. Uvimbe huo ndio unaofunga kidonda. Kwa mwembe, wakati mzuri ni mara tu baada ya mavuno, ambao pia unatangulia masika ya Machi.

Ukaguzi wa kila mwaka hauhitaji mtaalamu kuuanza. Uyoga ulioota kwenye shina, tundu lililoingia ndani, tawi kavu juu ya paa, mti uliosimama wima jana na leo umeinama, ardhi iliyopasuka upande mmoja wa mizizi: lolote kati ya hayo ni sababu ya kumwita anayejua. Kwa mnazi ulio juu ya njia au maegesho, mkwezi apande mara kwa mara kuangua nazi na makuti makavu, maana nazi ikiamua kushuka haiangalii nani anapita. Tawi lililokaribia nyaya za umeme lisiguswe na mpangaji wala mwenye nyumba. Hilo ni la kuripotiwa TANESCO. Na kabla ya kuangusha mti mzima, mwenye nyumba aulizie serikali ya mtaa na afisa misitu wa manispaa kuhusu sheria ndogo za pale.

Jirani naye ana neno. Sheria ya mapokeo ya Kiingereza, ambayo mahakama za Tanzania huitumia pale sheria za nchi ziliponyamaza, inamruhusu kukata tawi lililovuka ukuta, lakini mwisho mpakani, na tawi lenyewe na matunda yake havigeuki kuwa vyake. Katika kesi ya Mills dhidi ya Brooker ya mwaka 1919 huko Uingereza, jirani aliyachuma matofaa kwenye matawi yaliyoning’inia upande wake na kuyauza. Mahakama ikamtaka amlipe mwenye mti.

Mti ukishaangukia nyumba, mengi yanategemea nani alijua nini, na lini. Chini ya kifungu kile cha 88, dhoruba ikiiharibu nyumba isikalike bila uzembe wa mpangaji, kodi husimama, yote au kwa kiasi cha sehemu isiyokalika. Kuhusu godoro lililolowa na televisheni iliyovunjika, mwenye nyumba aliyetumiwa picha ya tawi bovu miezi miwili kabla na hakujibu atapata tabu kusema hakujua. Kwa hiyo mpangaji asiishie kulalamika koridoni. Atume ujumbe wenye tarehe na picha, auhifadhi. Mambo yakishindikana, Baraza la Kata husuluhisha, na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ndilo linaloamua. Mbele ya baraza, mali bila daftari huisha bila habari.

Njia nafuu ni kumaliza yote kabla ya kutoa kodi. Siku ya kukagua vyumba, tembeeni na uwanjani, hesabuni miti, pigeni picha. Kisha mkataba useme: mwenye nyumba atapogoa na kukagua kila mwaka baada ya msimu, kwa gharama yake, mpangaji atafagia, hatachoma taka wala kufunga waya kwenye shina, na ataarifu hatari kwa maandishi, hakuna atakayeangusha mti bila mwenzake kujua, matunda yatagawanywa hivi au vile. Mwenye nyumba akiyataka maembe yote, sawa, aje na viroba, na fagio lake pia. Dalali aliyeweza kuandika kifungu kizima cha kukataza kuku hatashindwa na mistari hiyo minne.