Kurekodi Hipnosisi ya Usingizi: Maandishi, Sauti na Matumizi

Hipnosisi ni hali ya umakini ambamo fikira za mtu hukusanyika katika jambo moja, mambo ya pembeni yakafifia, na maneno yanayotamkwa kwa utaratibu maalumu yakapokelewa kwa wepesi kuliko kawaida. Maneno hayo yanaweza kuitwa madokezo, kwa kuwa hayaamuru, bali huonyesha hali fulani na kuuachia mwili nafasi ya kuifuata. Mtu anapojiongoza katika hali hiyo bila mtaalamu kuwapo, huwa anafanya hipnosisi binafsi. Kwa anayesumbuliwa na kukosa usingizi, njia nyepesi ya kuifanya ni kuyarekodi madokezo mapema, kwa sababu aliyechoka, akitakiwa kwa wakati mmoja kuyakumbuka maneno, kuyasema moyoni na kuyasikiliza, hubaki macho kwa ajili ya kazi hiyo yenyewe. Rekodi humwachia jukumu moja tu, la kusikiliza. Pamoja na hayo, rekodi nyingi hushindwa kwa sababu humdai msikilizaji alale.

Usingizi haupatikani kwa kudaiwa. Émile Coué, mfamasia wa Ufaransa aliyefanya kazi Troyes kisha Nancy, na ambaye alifariki mwaka 1926, aliwafundisha wagonjwa wake kurudia sentensi moja fupi mara 20 asubuhi na mara 20 usiku, wakihesabu kwa uzi wenye mafundo 20, na akasisitiza kwamba sentensi hiyo isemwe bila kukaza nia. Mfuasi wake Charles Baudouin aliieleza kanuni iliyo nyuma ya sharti hilo: pale ambapo nia inashindana na taswira iliyomo akilini, kila juhudi inayoongezwa huipa nguvu taswira. Anayejilazimisha kulala huku akijiona kesho yake akisinzia kazini huilisha ile picha ya kusinzia, na mwili wake huitikia kwa moyo kwenda mbio na misuli kukaza, kana kwamba kuna hatari chumbani. Kazi ya rekodi nzuri, kwa hiyo, ni kuiondoa juhudi hiyo hatua kwa hatua, na kila uamuzi wa kiufundi, kuanzia uchaguzi wa kitenzi hadi urefu wa kimya, upimwe kwa kigezo hicho.

Inafaa kuondoa dhana mbili kabla ya kalamu kushikwa. Ya kwanza ni kwamba hipnosisi yenyewe ni usingizi. James Braid, daktari mpasuaji wa Kiskoti aliyekuwa akifanya kazi Manchester, ndiye aliyelieneza jina hilo kwa kitabu chake cha mwaka 1843, akilitoa katika neno la Kigiriki lenye maana ya usingizi; miaka michache baadaye aliona kwamba jina linapotosha, akataka libadilishwe, lakini lilikuwa limekwisha kuzoeleka. Vipimo vya mawimbi ya umeme ya ubongo huonyesha kuwa aliye katika hipnosisi yu macho, ila amezama. Dhana ya pili, inayowatia hofu wacha Mungu wengi, ni kwamba mtu huikabidhi roho yake kwa nguvu nyingine. Anayesikiliza sauti aliyoirekodi mwenyewe, kwa maneno aliyoyaandika mwenyewe, husikia kila kinachosemwa, na anaweza kufumbua macho wakati wowote na kuizima. Mwenye desturi ya kuomba dua au kusali kabla ya kulala huanza na ibada yake, kisha huwasha rekodi.

Je, njia hii inafanya kazi? Utafiti uliofanywa Uswisi na kundi la wanasayansi, wakiwamo Maren Cordi wa Chuo Kikuu cha Zurich na Björn Rasch wa Chuo Kikuu cha Fribourg, uliochapishwa mwaka 2014, unatoa jibu la kutia moyo lenye mipaka yake. Wanawake vijana 70 wenye afya njema walilala mchana kwa dakika 90, mara moja baada ya kusikiliza rekodi ya hipnosisi iliyojengwa juu ya taswira ya samaki anayezama kina baada ya kina, na mara nyingine baada ya kusikiliza maelezo ya kawaida kuhusu madini. Kwa wale waliokuwa wepesi wa kupokea madokezo, usingizi wa mawimbi mapole, yaani ile hatua nzito ambayo ubongo hutoa mawimbi makubwa ya polepole, uliongezeka kwa asilimia 81, na muda wa kukaa macho ukapungua kwa asilimia 67. Waliokuwa wagumu wa kupokea madokezo hawakupata faida hiyo. Ikumbukwe kwamba hao hawakuwa wagonjwa wa kukosa usingizi, na kwamba walilala mchana. Matokeo hayo yanatosha kumfanya mtu ajaribu kwa matumaini, lakini hayamruhusu yeyote kuuza rekodi kama dawa.

Maandishi ndiyo sehemu inayostahili muda mwingi zaidi. Huanza na mambo ambayo msikilizaji hawezi kuyakanusha: mgongo unagusa godoro, hewa inaingia puani ikiwa baridi kidogo na kutoka ikiwa na joto. Ukweli wa sentensi za mwanzo huzipa idhini sentensi zinazofuata. Baada ya hapo huja sehemu ya kulegeza mwili, na hapa kuna mikondo miwili ya kuchota. Edmund Jacobson wa Chicago, katika kitabu chake cha mwaka 1929, alifundisha kukaza kundi moja la misuli na kuliachia, ili mtu ajifunze tofauti kati ya mkazo na ulegevu. Johannes Heinrich Schultz, daktari wa Berlin, katika kitabu chake cha mwaka 1932, alitumia kauli fupi za ndani zinazoeleza uzito na joto la mikono na miguu, kisha utulivu wa moyo, pumzi, joto la tumbo na ubaridi wa paji la uso. Kwa rekodi ya usiku njia ya Schultz inafaa zaidi, kwa kuwa kukaza misuli ni kazi, na anayesikiliza anaelekea mahali pasipo na kazi. Kukaza kunaweza kubakizwa mara moja mwanzoni, kwenye mabega na taya, sehemu ambazo mara nyingi mtu hajui kuwa amezikaza.

Kiswahili kina utajiri mkubwa kwa kazi hii, nao hupotea pale mwandishi anapofuata maandishi ya lugha nyingine neno kwa neno. Vitenzi vinavyoonyesha jambo likitokea bila kumtaja mtendaji, kama vile kulegea, kufunguka, kunyooka, kutulia na kushuka, huondoa amri ndani ya sentensi. “Legeza mabega” ni agizo linalohitaji mtekelezaji. “Mabega yanalegea” ni habari tu. Kitenzi kisaidizi “kuzidi” nacho huleta mwendo usio na kikomo, kwa maana mabega “yanayozidi kulegea” hayana mahali pa kufika wala pa kushindwa kufika. Kukanusha kuepukwe, kwa sababu anayeambiwa asiwaze madeni hulazimika kuyawaza kwanza. Badala yake mawazo yaruhusiwe kupita, yaje na yaende yenyewe. Neno “lala” lenyewe lichelewe sana kutokea, au lisitokee kabisa. Kuhusu nafsi, Schultz alitumia “mkono wangu”, ilhali rekodi nyingi za leo hutumia “mkono wako”. Kwa wengi nafsi ya pili hupumzisha zaidi, maana humfanya msikilizaji awe mtu anayehudumiwa, japokuwa mwenye aibu ya kusikia sauti yake ikimwambia “wewe” anaweza kutumia umbo lisilotaja mwenye mkono: “mkono unazidi kuwa mzito”.

Taswira inayokwenda chini au mbali ndiyo moyo wa rekodi, na haina haja ya kuwa samaki wa Zurich. Aliyelelewa pwani anajua jinsi maji yanavyokupwa taratibu mpaka ngalawa ikakaa juu ya mchanga, naye hahitaji kuelezwa kwa maneno mengi. Aliyekulia Njombe au Limuru huenda akaona kwa urahisi zaidi ukungu ukiteremka juu ya mashamba ya chai, safu moja baada ya nyingine. Taswira ichaguliwe kwa kumbukumbu ya amani aliyo nayo msikilizaji, na mtu aliyewahi kunusurika kuzama asipelekwe majini hata kama maneno ni mazuri. Ndani ya taswira hiyo namba zinaweza kuhesabiwa kutoka kumi kurudi nyuma, kila namba ikishika pumzi moja ya kutoka, na zisifike moja: zikikoma kwenye tatu au mbili, akili hubaki bila tukio la kusubiri.

Kasi ya kusoma ndiyo kosa la wanaoanza. Neno moja la Kiswahili linaweza kubeba mtenda, wakati, mtendwa na tendo, hivyo hesabu ya maneno kwa dakika inayotolewa katika miongozo ya Kiingereza itamfanya msomaji akimbie. Kipimo bora ni pumzi. Mtu mzima aliyetulia hupumua takriban mara 12 hadi 18 kwa dakika. Msomaji aseme kipande kimoja kifupi cha sentensi, anyamaze kwa pumzi moja kamili, kisha aendelee, na kadiri rekodi inavyosonga pumzi za kimya ziwe mbili, kisha tatu. Dakika 15 hadi 25 zinatosha.

Karibu kila mtu huchukizwa na sauti yake anapoisikia kwa mara ya kwanza. Anapoongea, mtu husikia sauti yake kupitia hewa na pia kupitia mifupa ya fuvu, ambayo huongeza mtetemo mzito. Rekodi hubeba ile ya hewani peke yake, nayo huonekana nyembamba na ngeni. Hali hiyo hupungua kwa mazoea. Simu ya kawaida inatosha kurekodia, ikiwekwa kiasi cha shubiri moja kutoka mdomoni na kuelekezwa pembeni kidogo, ili pumzi ya herufi “p” na “b” isiipige. Mapazia na nguo nyingi chumbani huzuia mwangwi. Feni izimwe, na mwenye paa la bati asubiri mvua iishe. Ni vyema kurekodi usiku, mwili ukiwa umechoka kweli, kwa maana uchovu huishusha sauti bila kuigiza. Programu ya bure ya Audacity hutosha kukata makosa na kupunguza muungurumo.

Mwisho wa rekodi unataka uangalifu. Rekodi za mchana humaliza kwa kumrudisha msikilizaji, lakini hii haimrudishi: sauti hushuka polepole kwa dakika mbili au tatu za mwisho hadi isisikike. Jina la msikilizaji lisitajwe sehemu hiyo. Ian Oswald na wenzake walionyesha mwaka 1960 kwamba ubongo uliolala huitikia jina la mwenyewe kwa nguvu kuliko majina mengine. Simu iwekwe katika hali ya ndegeni na uchezaji wa kujiendeleza uzimwe, kwani wimbo au tangazo la biashara linalofuata laweza kubomoa kazi yote. Spika ndogo nje ya chandarua ni salama na ya starehe kuliko vipokea sauti vigumu vya masikioni.

Rekodi isikilizwe mara ya kwanza mchana, kwa kukaa, ili kasoro zigunduliwe, na isitumiwe kamwe na anayeendesha chombo cha moto. Ikishakwisha na mtu bado yu macho, asiirudie rudie. Kanuni iliyoanzishwa na Richard Bootzin mwaka 1972, ya kuinuka kitandani usingizi usipokuja na kurudi tu unapokuja, inabaki na nguvu yake. Mwenye kifafa, au aliyewahi kusikia sauti zisizokuwapo, amwone daktari kabla ya kuanza. Anayekoroma sana na kukatika pumzi usingizini ana ugonjwa ambao maneno hayautibu, na anayekosa usingizi usiku tatu au zaidi kwa wiki, kwa miezi mitatu, anastahili uchunguzi na tiba ya kisaikolojia ya usingizi, ambayo ndiyo inayopendekezwa kwanza. Kwa wengine, baada ya majuma kadhaa toleo fupi linaweza kutengenezwa, lenye kimya kirefu na maneno machache, kisha lingine fupi zaidi, hadi msikilizaji aweze kuipita njia hiyo bila simu. Toleo la kwanza lihifadhiwe, kwa kuwa safari, msiba au mabadiliko ya zamu za kazi huweza kuuvuruga usingizi upya.