Sikio Lafuataje Sauti Nyembamba?

Waliopata kuona wanawake watatu wakitwanga kinu kimoja watatufahamu upesi. Hapana mkono uwezao kupiga mchi kwa kasi ile isikikayo; bali kila mmoja hupiga kwa zamu yake, na aliye nje hudhani ni mtwangaji mmoja wa ajabu. Ndivyo ufanyavyo mshipa wa fahamu wa sikio.

Ndani ya sikio mna kiungo kilichojikunja mfano wa konokono, na humo zimo chembe zenye vinywele vitikiswavyo na sauti. Toka hapo nyuzi za mshipa, kiasi cha 30,000 kwa kila sikio, hupeleka habari ubongoni kwa vipigo vya umeme. Lakini uzi mmoja hauwezi kupiga ila mara mia chache kwa sekunde, na mluzi mwembamba waweza kuitikisa hewa mara 2,000. Yawaje basi?

Mwaka 1930 Ernest Glen Wever na Charles Bray, wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, waliunganisha waya na mshipa wa sikio la paka. Na mtu aliyekuwa chumba kingine akasikia kwa simu maneno yaliyosemwa karibu na sikio lile. (Baadaye ilibainika kuwa umeme ule haukutoka mshipani peke yake, bali na katika zile chembe, hata hivyo fikira yao haikufa.) Walisema nyuzi hupokezana. Kila uzi huruka mawimbi mengi, ila upigapo, hupiga penye sehemu ile ile ya wimbi. Zikijumlishwa zote, hapana wimbi lipitalo bure.

Zamu hizi zina mpaka. Katika paka, zikipita kiasi cha mara 4,000 au 5,000 kwa sekunde, vipigo hutawanyika, na ubongo hutegemea kujua ni pahali gani pa konokono palipotikisika. Lakini kupanda na kushuka kwa nguvu ya sauti, nyuzi zaendelea kukufuata. Kwa hiyo mlio wa nyenje, japo mwembamba mno, twausikia ukikatika na kurudi; na sisi tufundishao herufi twajua sini ilipoanzia na ilipokomea.

Mwaka 2009 Sharon Kujawa na Charles Liberman walionyesha jambo la kutisha. Panya waliopigiwa kelele kwa saa mbili walirudi kusikia sauti ndogo kama zamani, kumbe viungo vingi baina ya chembe na nyuzi vimekwisha kufa, hasa upande wa sauti nyembamba. Watwangaji wamepungua, na kinu chasikika bado! Wataalamu washuku kuwa watu pia huweza kupatwa na hayo: mtu husikia, lakini penye makelele hapambanui maneno.

Tulikuwa na mwanafunzi tuliyemkaripia mara nyingi kwa kujibu asiloulizwa. Hatujui masikio yake yana nini. Ila tumemwondoa dirishani, penye mashine ya kusaga, tukamketisha mbele yetu, na mama yake ameahidi kumpeleka kwa daktari.